Kuwafuatilia wanyamapori ili kuvigundua mapema virusi vya mbu: mwongozo kamili

Mwaka 1999 kunguru walianza kuanguka mitaani New York. Katika bustani ya wanyama ya Bronx, heroe na ndege wengine nao wakafa. Wakati huohuo wazee wa mtaa wa Queens walikuwa wakilazwa kwa uvimbe wa ubongo, na vipimo vya kwanza vikasema ni virusi vya St. Louis. Tracey McNamara, mtaalamu wa magonjwa ya wanyama wa bustani ile, hakuridhika. Virusi vya St. Louis kwa kawaida haviui ndege. Akatazama pia nani alikuwa hafi: kuku na bata mzinga walikuwa wazima, kwa hiyo mdondo na mafua ya ndege yakawa hayaelekei. Emu nao walikuwa wazima, ilhali hao ndio wangetangulia kufa kama ingekuwa ile homa ya ubongo ya farasi ya mashariki mwa Marekani. Mwishowe ikathibitika ni virusi vya West Nile, vilivyotambuliwa mara ya kwanza Uganda mwaka 1937 na ambavyo havikuwahi kuonekana bara la Amerika. Mwaka ule watu 62 walithibitishwa kuugua na 7 wakafa.

Ndege walikuwa wamesema mapema, ila hapakuwa na njia ya kuifikisha habari yao kwa anayehusika. Mwongozo huu unahusu hiyo njia. Katika kila hatua nitakuuliza jambo moja: hapa unapoteza siku ngapi? Kazi hii faida yake ni siku unazowapa watu kabla mbu hajawafikia, na siku hizo huvuja kidogokidogo: mzoga uliolala juani, sampuli iliyosubiri gari, barua pepe iliyosubiri sahihi.

Hatua ya 1: Anza na simu, nyavu baadaye

Kabla ya kununua chochote, chukua karatasi uandike sentensi moja: tukipata matokeo fulani, mtu fulani atafanya jambo fulani ndani ya saa fulani. Kwa mfano: "Kunguru mmoja akithibitika kuwa na virusi vya West Nile, mkuu wa udhibiti wa mbu anapigiwa simu siku hiyohiyo, na timu ya dawa ya viluwiluwi inaingia eneo hilo ndani ya saa 48." Ukishindwa kuijaza sentensi hiyo, bado huna mradi wa tahadhari. Una utafiti, na utafiti ni kazi njema, lakini usiwaahidi watu kuwa utawaonya.

Sentensi hiyo ndiyo itakayoamua virusi gani unavitafuta. "Virusi vyote vya mbu" si jibu. Chagua kimoja au viwili kwa kutazama mbu waliopo, wanyama waliopo na historia ya eneo.

Hatua ya 2: Mchague mnyama atakayesema

Mnyama anayefaa kwa ulinzi ana sifa nne. Anaumwa na mbu unaowahofia. Akiambukizwa, mwili wake unaonyesha, ama kwa kufa ama kwa kutengeneza kingamwili. Unaweza kumfikia bila kuvunja sheria wala shingo. Na unaweza kupata wadogo wake, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Hapa ndipo miradi mingi huharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwa West Nile na ndugu yake Usutu, mnyama ni ndege. Virusi hivi huzunguka kati ya ndege na mbu, hasa wa jenasi ya Culex. Binadamu na farasi huugua, lakini damu yao haipati virusi vya kutosha kumwambukiza mbu mwingine. Jamii ya kunguru hufa sana kwa West Nile, na Amerika Kaskazini mara nyingi hufa ndani ya wiki moja tu baada ya kuambukizwa. Usutu ilijitangaza Vienna mwaka 2001 kwa vifo vya yule ndege mweusi mwimbaji wa bustani za Ulaya. Lakini usibebe kanuni ya bara moja kuipeleka jingine. Mahali ambapo virusi na ndege wamezoeana kwa karne nyingi, ndege anaweza kuambukizwa, akapona na kuendelea kuruka bila wewe kujua.

Homa ya manjano ndiyo mfano mkali zaidi. Katika misitu ya Amerika, wale kima wenye sauti ya ngurumo, jenasi ya Alouatta, hufa kwa wingi. Katika mlipuko wa Brazil wa 2016 hadi 2018 mizoga yao ndiyo ilikuwa kengele. Kima wa Afrika kwa kawaida hawafi. Kwa hiyo anayeketi katika msitu wa Afrika akingoja mizoga ya kima imwonye juu ya homa ya manjano anangoja mvua ya mwaka jana. Huko inabidi utafute kingamwili kwenye damu, tena ya kima wadogo, au uwatege mbu wenyewe.

Jambo jingine limefuatana na mfano huo. Brazil ilibidi kuwaeleza watu tena na tena kwamba kima hawaambukizi binadamu moja kwa moja, kwa sababu wenye hofu walikuwa wakiwaua. Ukitangaza "kima wana homa ya manjano" bila kumtaja mbu katika sentensi hiyohiyo, umewaua walinzi wako kwa mkono wako.

Homa ya Bonde la Ufa husema kwanza kupitia mifugo: kondoo, mbuzi na ng'ombe kutupa mimba kwa mpigo, na watoto wao kufa. Nyati na wacheuaji wengine wa porini hubeba kingamwili na husaidia kueleza virusi vinajificha wapi kati ya mlipuko na mlipuko. Kama kengele lakini, zizi hulia mapema kuliko pori. Waunganishe wafugaji kwenye mfumo wako, hata kama fedha zako zimeandikwa "wanyamapori".

Na dengi na chikungunya za mijini? Huko mzunguko ni mtu, mbu, mtu. Mnyamapori atakupa habari kidogo mno. Fedha hiyo ipeleke kwenye mitego ya mbu na kwenye zahanati.

Hatua ya 3: Mahali na majira

Tafuta mahali ambapo mbu, mnyama na binadamu wanakutana: ukingo wa msitu na mashamba, kinamasi karibu na makazi, miti ambayo ndege hulala kwa makundi. Katikati ya hifadhi kubwa kunavutia kupiga picha, lakini virusi vikikutwa huko havimwambii daktari wa wilayani chochote cha kufanya kesho.

Majira yafuate maji. Mbu aina ya Aedes wanaobeba homa ya Bonde la Ufa hutaga kwenye udongo wa mabonde yanayofurika; mayai hukaa makavu miaka, mengine yakiwa tayari na virusi ndani, kisha mvua kubwa huyaangua yote kwa pamoja. Mwaka 2006 wataalamu waliotumia satelaiti kufuatilia joto la bahari na ukijani wa ardhi walitoa tahadhari juu ya Afrika Mashariki kabla ya watu kuanza kuugua Kenya mwishoni mwa mwaka huo. Kwa hiyo utabiri wa mvua uingie kwenye ratiba yako: mvua zikitabiriwa kupita kiasi, ongeza ziara kabla ya maji kufika.

Weka mitego ya mbu palepale unapochukua damu, usiku uleule. Mnyama mwenye kingamwili anakwambia virusi vilimpitia; mbu mwenye virusi anakwambia vipo leo.

Hatua ya 4: Vibali, chanjo na mwili wako

Vibali vya wanyamapori, idhini ya maadili ya kutumia wanyama na daktari wa mifugo mwenye leseni: hivi huchukua miezi, viombe kwanza. Kila anayeingia porini awe amechanjwa homa ya manjano panapohitajika, na anayeshika popo awe na chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kinga ya mwili haina mjadala. Homa ya Bonde la Ufa humwingia mtu moja kwa moja kupitia damu au mimba iliyotupwa, bila mbu yeyote. Ndege wengi wakifa pamoja, hasa wa majini, chukulia ni mafua ya ndege mpaka maabara iseme vinginevyo. Barakoa inayobana uso, miwani, glavu mbili, aproni. Joto litakukera, najua. Vumilia, au pumzika kivulini mbali na mizoga.

Hatua ya 5: Mizoga

Hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Macho ya kuona mizoga tayari yapo: wakulima, walinzi wa misitu, wavuvi, watoto wa shule. Wanachohitaji ni namba moja ya simu na mtu wa kuipokea. Brazil ina programu ya simu iitwayo SISS-Geo, ya taasisi ya Fiocruz, ambamo mtu yeyote huripoti mnyama aliyemwona pamoja na mahali alipo. Kama huna programu, kundi la ujumbe wa simu na daftari vinatosha kuanza. Mjibu kila aliyeripoti, hata kama hukuuchukua mzoga wake. Asiyejibiwa mara mbili, ya tatu hapigi.

Andika ripoti zote, na zile za mizoga usiyoipima pia. Kuongezeka kwa ripoti ni dalili yenyewe, na hukufikia siku kadhaa kabla ya maabara.

Ukifika kwenye mzoga, tazama macho kwanza. Yakiwa yamejaa na yanang'aa, una bahati. Yakiwa yamezama na kukauka, au kuna funza na harufu, andika tu umuache. Zaidi ya siku moja au mbili kwenye joto, virusi vimeharibika. Piga picha. Vaa glavu, ingiza mkono ndani ya mfuko wa plastiki, mshike ndege kupitia mfuko, kisha ugeuze mfuko umfunike bila kumgusa. Funga, tia kwenye mfuko wa pili, lebo iwe kati ya mifuko miwili. Weka kwenye barafu.

Si lazima umpasue. Kwa West Nile kwenye kunguru, pamba ya kijiti iliyosuguliwa kooni mara nyingi inatosha, na hata manyoya machanga yaliyong'olewa, yale ambayo shina lake bado lina damu, yanafaa. Ukimpasua, tena ndani ya maabara yenye kabati la usalama, chukua ubongo, moyo, figo na wengu. Kwa kima anayeshukiwa homa ya manjano ongeza ini, kipande kwenye baridi na kipande kwenye formalini.

Hatua ya 6: Wanyama walio hai

Kwa ndege, nyavu laini za kunasia zitandazwe alfajiri. Kila wavu ukaguliwe kila dakika 20 hadi 30, na upesi zaidi jua likipanda. Mvua ikianza, funga. Ndege akilowa wavuni hufa kwa baridi, na huyo ni wewe umemuua.

Mshike mgongo wake ukiwa kwenye kiganja, shingo ikipita kati ya kidole cha shahada na cha kati, bila kukaza kifua. Ndege hupumua kwa kutanua kifua, na ukimbana hapo anakosa hewa kimyakimya. Mpime uzito. Kisha hesabu: damu isizidi asilimia 1 ya uzito. Ndege wa gramu 20 anakupa mililita 0.2, basi, na ni busara kuchukua nusu yake. Tandaza bawa, lowanisha manyoya ya kiwiko kwa spiriti, na mshipa utajitokeza kama uzi wa buluu. Choma kidogo kwa sindano nyembamba, pokea tone kwa mrija mwembamba, bonyeza pamba mpaka damu ikatike. Kabla ya kumwachia, tazama pamba mara ya pili. Damu ambayo umeamini imekatika huanza tena pale ndege anapopiga bawa.

Mililita 0.1 ya damu iingie kwenye mililita 0.9 ya maji maalumu ya kuhifadhia. Tayari umeichanganya moja kwa kumi. Ukitumia mirija yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ujue heparini huvuruga PCR, kipimo kinachotafuta chembe za urithi za virusi. Sampuli ya PCR iwe ya EDTA, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, au seramu, yale maji ya damu yanayobaki ikishaganda.

Sasa, kwa nini wadogo. Aina moja ya kingamwili, IgM, hukaa wiki au miezi. Nyingine, IgG, hukaa miaka, pengine maisha. Nyati wa miaka 12 mwenye IgG anaweza kuwa anasimulia mvua za zamani. Kifaranga aliyeanguliwa msimu huu, kinga ya mama ikishaisha, hana historia: akikutwa na kingamwili, ameumwa na mbu msimu huu. Kwa hiyo jifunze kutambua umri kwa manyoya, meno au pembe kabla ya kujifunza kuchoma sindano.

Kila uliyemtoa damu mvishe pete au alama. Ndege aliyekuwa hana kingamwili mwezi wa tatu, ukamnasa tena mwezi wa tano anazo, amekupa tarehe. Huyo mmoja ana thamani kuliko hamsini wasio na pete.

Pori likiwa gumu, kuna kuku walinzi. Huwekwa kundi dogo kwenye banda la wavu, wakitolewa damu kila wiki au wiki mbili. Kuku hutengeneza kingamwili za West Nile bila kuugua, na virusi haviongezeki kwenye damu yake kiasi cha kumwambukiza mbu. Florida wamewatumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1947 Zika yenyewe iligunduliwa kwa kima aliyewekwa kwenye kizimba juu ya jukwaa msituni Uganda. Leo kwa kima hatufanyi hivyo.

Hatua ya 7: Baridi na lebo

Sampuli za kutafuta virusi zikae kwenye nyuzi 4 na zifike maabara ndani ya saa 48. Zikichelewa, ziingie naitrojeni ya maji au barafu kavu, kisha friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Seramu ya kingamwili huvumilia nyuzi 20 chini ya sifuri. Usigandishe, ukayeyusha, ukagandisha tena. Pasipo na umeme, kuna karatasi maalumu za kufyonzea sampuli: huua virusi lakini huhifadhi chembe za urithi kwa PCR, na husafiri ndani ya bahasha kavu.

Ziara yangu moja ya kwanza niliandika lebo kwa kalamu ya wino. Barafu ikayeyuka, na nilipofungua sanduku nilikuta mirija safi kabisa na maji ya buluu. Sampuli zilikuwa nzuri ila hazikuwa na mwenyewe. Tangu hapo ni penseli kwenye karatasi isiyolowa na namba ileile kwenye mrija, kwenye daftari na kwenye picha.

Hatua ya 8: Kipimo kipi kinajibu nini

PCR hutafuta virusi vyenyewe. Kwa mnyama aliye hai dirisha lake ni dogo, siku chache tu ambazo virusi vipo kwenye damu, hivyo kuwakosa ni kawaida. Kwenye mizoga na mbu ndiko inakong'aa.

ELISA hutafuta kingamwili. Wanyamapori wana tatizo lao: vifaa vingi vimetengenezwa kwa binadamu, kuku au farasi. Omba ELISA ya ushindani, ambayo haijali damu ni ya mnyama gani. Kisha usiiamini peke yake. West Nile, Usutu, homa ya manjano, dengi na Zika ni ukoo mmoja, na kingamwili za mmoja hushika vipande vya mwingine. Matokeo chanya yapelekwe kwenye kipimo cha kuzima virusi, kinachoangalia kama kingamwili za damu hiyo zinavizuia virusi, vikishindanishwa virusi viwili au vitatu vya ukoo huo. Kingamwili dhidi ya kimoja zikizidi za wenzake mara nne au zaidi, hicho ndicho. Kipimo hiki hutumia virusi hai, na kwa baadhi ya hivi kinahitaji maabara ya usalama daraja la 3. Weka mkataba na maabara hiyo kabla ya msimu. Sanduku likiwa mlangoni ndipo unaanza kujadili bei, umeshapoteza wiki.

Hatua ya 9: Kuisoma sifuri

Umepima wanyama 30, wote hasi. Je, eneo ni salama? Chukua 3, gawa kwa idadi uliyopima. Tatu kwa thelathini ni asilimia 10: inawezekana mnyama mmoja kati ya kumi ana unachokitafuta na bado ukakosa wote. Kushusha kiwango hicho hadi asilimia 1 unahitaji hasi 300. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 wa kumkuta angalau mmoja pale ambapo maambukizi ni asilimia 5, pima 59. Hesabu hizi zinadhani wanyama wamechukuliwa bila upendeleo na kipimo hakikosei, jambo ambalo halitokei, kwa hiyo zidisha.

Kwa hiyo ripoti isiandike "hakuna virusi". Iandike "wanyama 59, hakuna chanya", na msomaji aone namba.

Hatua ya 10: Simu yenyewe

Kwa kila sampuli weka tarehe tano: mnyama kuonekana, kuchukuliwa, kufika maabara, matokeo, simu kupigwa. Kila mwezi tazama pengo refu liko wapi. Mara nyingi liko kati ya matokeo na simu, yaani mezani kwa watu.

Simu iende kwa wote watatu pamoja: afya ya binadamu, mifugo, wanyamapori. Yaliyomo yawe ya kutenda. Kwa West Nile: dawa ya viluwiluwi, hospitali zikumbushwe kupima wagonjwa wa uvimbe wa ubongo, na benki za damu zijulishwe, kwa kuwa virusi hivi hupita kwenye damu ya kuongezewa. Kwa homa ya manjano: chanjo kwa wakazi wa ukingo wa msitu. Kwa homa ya Bonde la Ufa, chanjo ya mifugo ni ya kabla. Mlipuko ukishaanza zizini, sindano moja inayopita mnyama hadi mnyama yaweza kuueneza.

Eneo likishathibitika kuwa na virusi msimu huo, acha kupima mizoga yake. Kunguru wa pili, wa tano na wa kumi hawaongezi uamuzi wowote. Endelea kupokea ripoti na kuzihesabu, lakini mirija na barafu zihamishie maeneo jirani ambako bado kuko kimya.